Muziki wa kompyuta kwa traka na sinthesaiza: maswali ninayoulizwa hapa Mwanza

Chumba changu cha kazi kiko Mabatini, juu kidogo ya barabara, mawe yakiwa mgongoni. Vijana hupandisha na laptopu begani, na maswali wanayokuja nayo ni karibu yale yale. Nimeyaweka hapa ili mtu wa Igoma au Sengerema asitoe nauli kwa jibu ambalo angelisoma kwenye simu. Swali lako likikosekana, njoo uulize.

Traka ni kitu gani hasa?

Ni programu ya kutunga muziki kwa kuandika. Fikiria daftari la mwenye duka: safu zimesimama wima, mistari inashuka chini. Kila safu ni chaneli moja. Kwenye mstari unaandika noti, namba ya sauti unayotaka ipigwe, ukubwa wake, na amri ukiwa nayo. Ukibonyeza kitufe cha kucheza, mistari inapanda na kupita mbele ya macho yako, na kila kilichoandikwa kinasikika zamu yake ikifika. Kundi la mistari, mara nyingi 64, linaitwa patani. Unapanga patani moja baada ya nyingine, wimbo unakamilika.

Ya kwanza kubeba jina hilo ilikuwa Ultimate Soundtracker ya mwaka 1987, kazi ya Mjerumani Karsten Obarski, kwa ajili ya kompyuta ya Commodore Amiga. Ilikuwa na chaneli 4 tu, kwa sababu chipu ya sauti ya Amiga ilikuwa na chaneli 4. Zikafuata ProTracker, kisha FastTracker 2 ya Triton kutoka Sweden iliyofika chaneli 32, na Impulse Tracker ya Jeffrey Lim wa Australia iliyofika 64. Naitaja historia hii kwa sababu moja: Amiga 500 iliuzwa na RAM ya kilobaiti 512. Watu walitunga nyimbo nzima humo. Kwa hiyo laptopu yako ya mtumba, hata kama inahema ukifungua intaneti, kwa kazi hii ni mashine kubwa.

Kwa nini nisitumie FL Studio kama maprodyuza wengine?

Tumia kama umeinunua na kompyuta inaibeba. Ni programu nzuri. Ninachokataa ni ile iliyokrakiwa ambayo watu wanapeana kwa flashi, maana nimeshasafisha virusi kwenye kompyuta za watoto wa watu mara nyingi mno, na mara mbili nyimbo zote zilikuwa zimekwenda. Traka ziko za bure kabisa, za halali.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Programu za kawaida zinakufungulia gridi ya nne kwa nne, pamoja na maktaba ya sauti alizonazo kila mtu kuanzia Lagos hadi Los Angeles. Traka inakufungulia karatasi tupu. Ukiwa na karatasi tupu unalazimika kuamua mwendo wako na kutafuta sauti zako, na hapo ndipo muziki wa kwetu unapopata nafasi ya kutokea.

Nianze na programu ipi?

Kama una Windows, OpenMPT. Ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, na inafungua mafaili ya traka karibu zote za zamani. Kompyuta ikiwa dhaifu sana, au ukiwa kwenye Linux, chukua MilkyTracker, ambayo imefuata FastTracker 2. Anayetaka sinthesaiza (chombo kinachotengeneza sauti chenyewe, nitakieleza chini) na traka ndani ya programu moja achukue SunVox ya Alexander Zolotov: kwenye Windows, Linux na Mac ni bure, kwenye simu ya Android unailipia. Renoise ni ya kulipia na ndiyo iliyokamilika kuliko zote. Toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi wimbo, ila halikutolei faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa.

Chagua moja ukae nayo miezi mitatu. Anayeruka kila wiki hajui hata moja.

Sina kinanda. Nitapigaje?

Kibodi ya kompyuta ndiyo kinanda. Safu ya chini, Z X C V B N M, ni noti nyeupe za oktavi moja, kuanzia do. Vitufe vya juu yake, S D G H J, ni zile nyeusi. Safu ya Q ndiyo oktavi inayofuata. Kwenye MilkyTracker ndivyo ilivyo. Ukifungua OpenMPT, vitufe vimepangwa kwa namna yake, ila kwenye mipangilio kuna chaguo la kuvirudisha kwenye mpangilio huu. Baada ya wiki mbili vidole vinajua vyenyewe.

Hizi namba zenye herufi ndani, kama 2F au 7D, ni nini?

Ni hesabu ya msingi wa kumi na sita. Baada ya 9 hazirudi kwenye 10, zinaendelea A, B, C, D, E, F. A ni kumi, F ni kumi na tano. Namba mbili zikiwa pamoja, zidisha ya kwanza kwa 16 ujumlishe ya pili: 7D ni 7 mara 16, jumlisha 13, unapata 125. Kwenye MilkyTracker, sauti ikiwa kamili huandikwa 40, yaani 64. Anayeuza dagaa kwa debe na kisado anahesabu magumu kuliko haya kila asubuhi.

Wimbo wangu unatoka kama mashine. Ngoma ya kwetu nitaiandikaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake ni refu.

Kwanza ujue saa ya ndani ya traka. Mstari mmoja umegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo tiki. Kuna namba mbili: spidi, ambayo ni idadi ya tiki kwenye mstari mmoja, na tempo, inayoamua urefu wa tiki. Gawanya 2500 kwa tempo, unapata urefu wa tiki moja kwa milisekunde. Traka nyingi zinafunguka na spidi 6 na tempo 125: tiki ni milisekunde 20, mstari ni 120, na mistari minne ni pigo moja, mapigo 125 kwa dakika. Ukishusha spidi hadi 3 unapata mapigo 250 kwa dakika, na hapo uko kwenye mbio za singeli.

Lakini ngoma nyingi tulizokulia haziendi kwa nne ndani ya pigo. Zinakwenda kwa tatu. Nenda Bujora pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, siku wanayocheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe. Angalia miguu, kisha sikiliza mikono ya wapigaji. Miguu inahesabu nne, mikono inasema tatu tatu ndani yake. Ukiliandika hilo kwenye gridi ya kumi na sita linavunjika. Wengi wanadhani kosa ni lao, kumbe ni gridi.

Basi badilisha patani iwe na mistari 48 badala ya 64. Sasa una mizunguko minne ya mistari 12. Weka ngoma kubwa kwenye mistari ya 0, 3, 6 na 9. Weka kengele, au chuma chochote, hivi:

0, 2, 4, 5, 7, 9, 11

Mzunguko wa pili unaanza mstari wa 12, na unarudia. Mpangilio huu wa kengele unasikika sehemu nyingi za Afrika, na ni shule nzuri ya kuanzia. Chaneli ya tatu weka ngoma ndogo kwenye 0, 4 na 8. Sasa cheza. Utasikia tatu na nne zikivutana, na kichwa kitaanza kutikisika kabla hujaamua.

Kwa kuwa pigo sasa lina mistari mitatu, tempo 125 itakimbia mno. Weka tempo 90 na spidi ile ile 6: utapata mapigo 120 kamili kwa dakika. Kwenye MilkyTracker amri yake ni F5A. OpenMPT ukiwa kwenye mfumo wa IT (aina ya faili la Impulse Tracker; XM ni la FastTracker 2) unaandika T5A, kwa sababu herufi za amri zinabadilika kutoka mfumo hadi mfumo. Angalia mwongozo wa programu yako, usikariri wa jirani.

Kisha ondoa umashine. Mpigaji halisi hapigi kwa nguvu sawa mara mbili, kwa hiyo pigo la kwanza lipe 40, la pili 28, la tatu 30, ukibadilisha kwa kusikiliza. Baadaye chelewesha baadhi ya mapigo kidogo. Kuna amri ya kuchelewesha noti kwa tiki unazotaka: ED kwenye mfumo wa XM, SD kwenye IT. Tiki moja kwa tempo 90 ni karibu milisekunde 28, na hiyo ni nyingi, noti inasikika imelewa. Dawa ni kuzidisha zote mbili kwa mbili: spidi 12, tempo 180. Mwendo unabaki ule ule, ila tiki sasa ni milisekunde 14 hivi, na unaweza kuvuta pigo kidogo sana, kama mtu anayechelewesha mkono kwa makusudi.

Kwa wimbo wa nne kwa nne unaotaka udunde, usawa wa mistari uvunje kwa spidi: mstari mmoja F07, unaofuata F05, ukirudia. Jumla ni tiki 12 zile zile.

Sauti nizipate wapi?

Nje ya mlango wako. Nasema hivi kwa moyo wote. Maktaba za sauti za bure zipo, chukua kiki moja (ngoma kubwa ya dramu) na snea moja (ile kali) za kujifunzia, halafu toka na simu.

Nikupe mfano. Nilikuwa na wimbo ambao haihati yake, ile "tsi tsi" ya dramu, ilinikera, kali, kama ya kila mtu. Asubuhi moja nilikuwa Mwaloni, Kirumba, mama mmoja anamimina dagaa wakavu kutoka kwenye beseni kuingia guniani. Shhhaa. Halafu anatikisa gunia washuke: shaa, shaa. Ni kayamba kabisa, ila ina ukavu ambao kayamba haina. Nikamwomba, nikasogeza simu karibu na mdomo wa gunia, nikarekodi dakika mbili. Ndani yake nilipata mitikiso sita mizuri, kila mmoja tofauti kidogo. Niliiweka yote sita kama sampuli tofauti, yaani vipande vya sauti iliyorekodiwa, na kuizungusha, kwa hiyo hakuna mtikiso unaorudia ule uliotangulia.

Ukirekodi, tumia programu ya simu inayotoa WAV, maana mfumo uliobanwa unaharibu sauti kali kama hizi. Simama upande ambao upepo wa ziwa hauingii moja kwa moja kwenye maiki. Kisha ukifika nyumbani, kata ukimya wa mwanzoni. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Sampuli yenye milisekunde 40 za ukimya mbele itachelewa tiki mbili kwa tempo 125 kila ikipigwa, na utahangaika kutafuta kosa kwenye patani wakati patani haina kosa. Vuta picha ya wimbi iwe kubwa, kata palepale linapoanza kunyanyuka.

Sauti ndefu ina utaratibu mwingine. Honi ya feri pale Kamanga niliigeuza kuwa besi. Inaanza kwa kukwaruza, kisha inatulia na kushika noti moja. Kwenye ile sehemu iliyotulia niliweka mzunguko, ile alama inayoiambia traka irudie kipande hicho muda wote noti inaposhikiliwa. Mwanzo na mwisho wa mzunguko viwe mahali wimbi linapovuka sifuri, la sivyo utasikia tik-tik-tik. Ikikataa, chagua mzunguko wa kwenda na kurudi. Nikaishusha oktavi mbili. Ukiisikia hutajua ni feri, ila watu wa hapa wananiambia besi ile inawakumbusha kitu.

Mengine ya kujaribu: kasia likigonga ubavu wa mtumbwi, mfuniko wa sufuria, nyundo ya mafundi pale Makoroboi, na kiganja chako juu ya moja ya haya mawe makubwa.

Babu yangu anapiga zeze. Nikiliingiza kwenye kompyuta linasikika haliko sawa na vinanda. Nilirekebishe?

Usilirekebishe! Zeze lina noti zake, na baadhi zinaangukia katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Ukirekodi noti moja tu na kuiacha traka ipandishe na kushusha, umelivalisha zeze ngazi ya piano, na mlio wa babu umepotea.

Rekodi kila noti anayoipiga peke yake, mara mbili tatu. Mafaili ya XM na IT yana kitu kiitwacho instrumenti, ambapo kila kitufe kinaweza kupewa sampuli yake. Pangilia: kitufe hiki noti ya kwanza ya babu, kinachofuata ya pili. Kisha hakikisha kila sampuli inachezwa kwa mlio wake wa asili, isipandishwe wala kushushwa. Hapo unapiga zeze lake, kwa ngazi yake. Besi na sinthesaiza ndizo zisogezwe kulifuata zeze. Nyingi zina kitufe cha kusogeza sauti kidogo kidogo.

Sinthesaiza inatengenezaje sauti pasipo kurekodi chochote?

Inahesabu wimbi. Wimbi la msumeno lina ukali wa tarumbeta, la mraba lina uwazi kama filimbi ya mti, la pembetatu ni laini. Wimbi linapita kwenye filta, ambayo inazuia milio ya juu na kuacha ya chini. Mwisho kuna envelopu, inayosema sauti ianze haraka au taratibu, ishuke kiasi gani, idumu wapi, iishe lini. Karibu kila sinthesaiza ni mambo haya matatu na nyongeza zake.

Fanya besi yako ya kwanza kwenye SunVox. Weka moduli ya Analog Generator, chagua wimbi la mraba, vuta waya hadi Filter, kutoka hapo hadi Output. Funga filta hadi ubaki na mngurumo, kisha ifungue polepole mpaka usikie mdomo wa noti. Andika noti tatu kwenye patani. Umeshatengeneza sauti ambayo haikuwepo duniani dakika tano zilizopita.

Njia nyingine ni FM, ambayo wimbi moja linatikisa jingine. Ndiyo iliyokuwa ndani ya Yamaha DX7 ya mwaka 1983, yenye opereta 6 (ndiyo mawimbi yenyewe) na mipangilio 32 ya kuziunganisha. Programu ya Dexed inaiiga, bure, na kwa kengele na vinanda vya umeme sijaona inayoizidi. Surge XT nayo ni bure na ni bahari. Vital ni tamu, lakini michoro yake inaelemea kompyuta ndogo.

Angalizo moja. OpenMPT inapokea plagini (programu ndogo zinazochomekwa ndani ya nyingine) za aina ya VST2, na sinthesaiza nyingi mpya hutoka kwa VST3 pekee. Usivunjike moyo. Ifungue kama programu inayojitegemea, rekodi noti chache kwa WAV, ziingize kwenye traka kama sampuli. Kompyuta dhaifu itakushukuru pia.

Nikibonyeza kitufe, sauti inachelewa. Kwa nini?

Kompyuta inakusanya sauti kwenye akiba kabla ya kuitoa. Akiba ya sampuli 1024 (hapa sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha wimbi), kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 23. Ya 256 ni karibu 6. Ipunguze hadi sauti ianze kukatika, kisha rudi hatua moja. Kwenye Windows, ASIO4ALL, draiva ya sauti ya bure, husaidia sana. Spika za Bluetooth ziache kwa kusikilizia tu. Kwa kupigia zitakuchelewesha daima.

Umeme ukikatika?

Niliwahi kupoteza kazi ya siku tatu kwa kompyuta ya mezani, umeme ulipokatika katikati ya kuhifadhi na faili likabaki limeharibika. Wimbo ule sikuweza kuurudisha kamwe. Nakumbuka mwanzo wake tu. Tangu siku hiyo sihifadhi juu ya faili lile lile. Ninaandika wimbo_01, wimbo_02, wimbo_03, na jioni nakala inakwenda kwenye flashi isiyokaa chumba kimoja na kompyuta. Mafaili ya traka ni madogo, mara nyingi megabaiti chache na sampuli zake zote ndani, kwa hiyo hakuna sababu ya kubana. Laptopu yenye betri nzima ni bora kuliko ya mezani yenye nguvu mara tatu.

Naweza kukata kipande cha wimbo wa msanii mwingine?

Kwa kujifunza chumbani, sawa. Kwa kutoa, omba ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo inayoshughulikia mambo hayo. Sheria hiyo inagusa pia sanaa za jadi, jambo ambalo vijana wengi hawalijui: ngoma ya kijiji si ya kuokota kwa sababu haina jina la mtunzi. Na hata bila sheria, mzee akikupigia zeze, mwambie unalipeleka wapi, mwandike jina, na mpe chake kikipatikana. Mimi nimeona biti langu likiimbiwa na mtu ambaye hata salamu hakunipa. Inauma. Usimfanyie mwenzako.

Kurekodi mwimbaji je?

Hapo traka si chombo kizuri. Toa ala zote kwa WAV, fungua Audacity au programu nyingine ya kurekodi, mwimbaji aimbe juu yake. Chumba chenye magodoro na mapazia kinashinda maiki ya bei mbaya.

Nimemaliza. Naujuaje kama umekaa sawa?

Toa WAV ya 44,100, biti 16. Tegemea megabaiti 10 hivi kwa kila dakika. Weka nakala ya MP3 kwenye simu, kisha uzunguke nayo. Sikiliza kwa spika ya simu yenyewe: besi ikipotea kabisa, iongezee chaneli ya pili inayopiga noti zile zile oktavi moja juu, kwa sauti ndogo. Mwombe kinyozi aiweke kwenye spika zake kubwa: besi ikimeza kila kitu, ipunguze wewe, usingoje miksi ya mtu mwingine. Mwisho panda daladala ya Buzuruga, mpe kondakta flashi, kaa kiti cha nyuma. Injini inanguruma, watu wanaongea, honi zinalia. Kile kinachosikika kupita hayo yote ndicho wimbo wako, na kile usichokisikia rudi nyumbani ukitazame upya mstari kwa mstari.